Mahindi Yanayoua Dawa

Jumatatu, 10 Februari 2003. Kijijini Runingu.
Wapiganaji wameshuka kutoka mlimani. Tayari wamemaliza mashamba mawili ya kando ya njia, mahindi yote yamechomwa na kuliwa! La tatu ni langu. Likienda hili, hakuna chakula, hakuna mbegu. Lakini nina redio. Leo wataalamu walikuwa wakibishana kuhusu mahindi yaliyobadilishwa maabara. Mmoja alisema yatatushibisha wote. Mwingine akasema mkulima atakuwa mtumwa wa wenye mbegu. Mimi nilishika jambo moja tu: watu wanayaogopa. Akili imeanza kufanya kazi.

Jumanne, 11 Februari
Kamanda wao amefika shambani na vijana wake. Nikamwambia achume tu, karibu sana, ila haya ni ya maabara. Muntu akiyala, dawa yake ya kuzuia risasi inakufa. Vijana hawa wana miiko mingi ya kulinda dawa hiyo: hawali maboga, hawashikani mkono na mwanamke. Kijana aliyekuwa ameshika hindi alilitupa. Wakaondoka! Nimecheka mpaka machozi. Nikajiambia: Sévère, weye ni profesa!

Alhamisi, 13 Februari
Balaa! Habari imemfikia Ndayiragije, prezida wa chama cha wakulima, ambaye hajanisamehe tangu nigombee kiti chake. Anasema upepo utapeleka uchafu wa maabara mpaka kwake na kuharibu mbegu za kijiji. Jumapili baada ya misa chama kitang'oa shamba langu. Nikikiri kwamba nilidanganya, kamanda atasikia: atakula mahindi kwanza, kisha atanitafuta. Nikinyamaza, majembe ya chama. Sijala kitu.

Jumapili, 16 Februari
Walikuja kweli. Nikasimama mbele ya mahindi yangu, nikatandaza mikono. Ndipo mke wangu Geneviève akatoka jikoni na hindi la mbegu, jeusi kwa moshi wa meko. Akauliza nani hapa halijui. Ni mbegu ya mama yake, aliyowagawia wote mwaka ule tuliporudi kutoka ukimbizini mikono mitupu. Ndayiragije mwenyewe alipewa kikapu. Kama ya Sévère ni ya maabara, basi na yao. Ndayiragije akakuna kichwa, akasema basi kamanda akiuliza, mahindi ya kijiji chote ni ya maabara. Karibu nimkumbatie!

Jumatano, 19 Februari
Wapiganaji wamevuka kijiji chote bila kugusa hindi hata moja. Hata kuku wamewaacha, kwa sababu wanadonoa mahindi! Asante Mungu. Nimelala mchana kutwa kwa raha. Geneviève ameniapisha mbele ya mama yake nisidanganye tena kuhusu mahindi. Nimeapa kwa moyo wote.

Alhamisi, 20 Februari
Nasikia mbegu za kisasa zinatafutwa sana mjini Uvira. Zile za dukani ni nyekundu, wanazipaka dawa. Nimepukuchua mahindi machache ya mama mkwe, nikayapaka mafuta ya mawese. Mekundu, safi kabisa! Baiskeli iko tayari kwa safari ya sokoni.
Geneviève anauliza mawese yamekwenda wapi. Nimemwambia ni wapiganaji.