Mrushaji Mmoja, Nyumba Tisa

Merle Toomey, tapeli mpita njia, alipouona uwanja wa besiboli wa Dunkel, nyasi zimefika kiunoni na viti vimeoza, aliona ng'ombe mnono asiye na mwenyewe. Dunkel ni kimji cha mahindi huko Nebraska, na ugonjwa wake mkubwa ni kijicho. Jirani zao wa mji wa Harmon walikuwa na timu ya kiangazi ya vijana wa vyuo. Dunkel hawakuwa nayo.

"Tutaanzisha yetu!" Merle aliwatangazia baada ya ibada, maneno yakimtoka laini kama siagi. "Vijana hawa hawalipwi, mnajua. Wanataka kitanda na chakula tu. Na mrushaji mpira wangu, Okerlund, kesho kutwa atasajiliwa ligi kuu awe milionea. Mnadhani atamsahau aliyemkaangia mayai?"

Wachezaji wa kiangazi hulazwa bure majumbani; ndiyo desturi, na watu hujivunia. Lakini milionea mtarajiwa! Ukarimu wote ukayeyuka. Merle akamnong'oneza kila mmoja peke yake: anayetaka kumlaza Okerlund kwake aichangie timu, na jirani asijue. Muda si muda nyumba tisa zilikuwa zimeahidiwa Okerlund, kila moja ikiwacheka nyingine kwa chini chini. Wapumbavu wa aina hii hawahitaji kudanganywa sana. Ukianza tu, wanamalizia wenyewe.

Jambo moja lilimkera Merle. Dunkel haimpi mgeni pesa mkononi. Mchango wowote, uwe wa msiba au wa paa la kanisa, hupitia kwa Bibi Verna Sorley, ajuza aliyekuwa akimlaza Merle chumba cha juu na kumlisha mpaka mkanda ukamkataa. Pesa zilikaa kwenye bati, kabatini kwake. Merle hakujali. Kikongwe anayesinzia huku anafuma, nani amwogope?

Jumamosi, mji mzima ulipokuwa uwanjani ukifyeka nyasi, Merle alifungasha, akashuka jikoni na kulifungua bati. Ndani mlikuwa na biskuti.

Kabla hajaapiza, honi ikalia nje. Basi lilikuwa limesimama nyuma ya gari lake, na vijana wenye glavu walikuwa wakishuka mmoja mmoja. Sherifu Rasmussen akaingia bila kubisha.

"Mwenyekiti wa timu! Kumbe leo ndiyo leo! Verna kavipigia simu vyuo vyote kwa jina lako."

"Verna yuko wapi?"

"Kaenda Arizona kwa dada yake. Haponi mafua yule mama. Kasema michango yote kakukabidhi wewe, na nyumba kakuachia uwalaze vijana. Una bahati, bwana!"

Mwizi kaibiwa, na hana pa kushtaki.

Sherifu akamsogelea sikioni. "Sasa, baina yetu. Okerlund wangu ni yupi?"

"Wako?" ikauliza sauti dirishani. Kule nje walisimama watu wa nyumba nyingine nane, kila mmoja na keki mkononi, wakitazamana kwa mara ya kwanza.

"Okerlund... kaumia bega," Merle akasema.

Sherifu akavuta kiti, akakaa mlangoni, akanyoosha miguu.

"Pole yake. Tutamngoja apone. Nawe utamngoja pamoja nasi." Akamsukumia kikaango. "Anza na mayai. Vijana wana njaa."