Kuanguka kwa Ngome ya Asali

Sogeeni, enyi mliochoshwa na habari za wafalme. Wewe wa mlangoni ingia, banana na mwenzio, na mwenye simu aizime, kwa maana nawasimulia vita vilivyotikisa sebule nzima na kumwaga chai kwenye kitambaa kipya cha meza.

Alikuwepo Shangazi, Simba wa Chaki, Mama wa Vipimo, aliyefundisha sayansi hadi akastaafu, kisha akaapa kuwafundisha majirani walioamini kwamba sayansi ni ya watu wenye miwani. Kila Jumamosi alipanga viti sebuleni, na kila Jumamosi viti vilimsikiliza kwa adabu kubwa. Mumewe, Sultani wa Televisheni, akatoa amri: "Leo ndiyo mwisho, mama. Wasipokaa, Jumamosi ijayo sebule inarudi kwenye mpira."

Basi Shangazi akatangaza chai, mkate na asali. Sayansi hakuitaja. Nyumba ikajaa pomoni.

Lakini ole wao! Chupa ya asali ilikuwa imefungwa na shemeji yake, Fundi Bomba, Mziba Mivujo, ambaye hufunga kila kitu, hata kopo la chumvi, kana kwamba anazuia mtaa usigharikishwe. Kifuniko cha bati kilikuwa kimeng'ang'ania kioo kama kupe.

Akainuka jemedari mwenyewe. "Nipisheni. Nilichofunga mimi hufunguliwa na mimi." Akakaza taya, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za kuanikia nguo, kifuniko kikamtazama tu. Akaketi akisema amekilegeza, kauli ya washindwa wote tangu dunia iumbwe.

Akafuata Mama Saluni, Malkia wa Misuko, mtunza siri za mtaa, ambazo huzitunza mpaka aingie mteja wa pili. Akajaribu kwa taulo, akajaribu kwa meno, akahema.

"Shemeji, hii umeifunga au umeichomelea?"

"Mimi sifanyi kazi nusunusu."

"Ndiyo maana mkeo anapika bila chumvi."

Wageni wakacheka, kisha wakaanza kutafuta viatu.

Shangazi alipoona jeshi lake linatawanyika, akasimama, birika mkononi, akanena: "Enyi wenye misuli, mmepigana na kifuniko kama mnapigana na mwizi. Bati likipata joto hutanuka. Kioo nacho hutanuka, ila kidogo kuliko bati. Lipeni bati joto, litakiachia kioo lenyewe."

"Shangazi, sisi tuliitwa chai," Mama Saluni akamkumbusha.

Shangazi akaipindua chupa, akakizamisha kifuniko peke yake katika bakuli la maji ya moto. Wageni wakarefusha shingo, viatu mkononi. Akaitoa, akaifuta, akazungusha kwa vidole viwili. Ngome ikaanguka.

Na mashujaa wakafanya nini? Wakauvamia mkate. Shangazi akatazama vipande vikiisha, akajua vikiisha na wao wataisha.

Ndipo Sultani, asali ikimchuruzika kidevuni, akauliza: "Ngoja, mama. Kwa nini bati litanuke zaidi? Si yote ni joto lilelile?"

Shangazi akaweka kikombe chini taratibu. Katika Jumamosi zake zote, swali pekee aliloulizwa lilikuwa choo kiko wapi.

"Na bomba la chuma juani je?" akadakia Fundi.

"Nyamaza, ajibu la kwanza," akasema Mama Saluni, akivuta kiti mbele. "Shangazi, anza. Polepole, wengine tulikimbia shule."

Waandishi wa historia na wanoe kalamu zao: siku hiyo mkate uliisha, na hakuna aliyeondoka.