Bastola ya Benki na Mke wa Komando

"Bastola zimetoweka stoo ya polisi! Mlango haukuvunjwa, kufuli halikuguswa. Zimetoka zenyewe, zimevuka barabara, zimepanda teksi!"

Huyo ni Pandu, Mzanzibari tunayemwita Redio kwa sababu hana pa kumzimia. Habari kaisikia asubuhi hiyo na tayari ashaiongezea miguu. Ilikuwa Jumamosi, na benchi la mbele ya duka la Naseeb, Msomali anayetuuzia kahawa hapa Mayfair, huku kusini mwa Afrika, lilijaa mpaka vikombe tukavishikilia magotini.

"Na mimi mwenye halali yangu nahangaika!" akadakia Bramwel, Mkenya wa benki, ndiyo maana tunamwita Benki. "Disemba narudi Kitale na familia, kazi nimepata. Bastola yangu ina leseni, imelala kwenye kasiki kama mtoto. Siwezi kuhama nayo, siwezi kuiacha, na siwezi kumkabidhi mtu kabla naye hajapewa leseni yake. Nikikosa mnunuzi, naipeleka polisi wakaiyeyushe."

"Uipeleke polisi?" Redio akashika kiuno. "Si ndiko zinakopandia teksi?"

"Mnunuzi si unaye lakini?" nikauliza, na wote tukamgeukia Komando.

Komando ni Gradi, mtu wa Bukavu, fundi wa suti kule Doornfontein. Kibali cha makazi ya kudumu anacho, mafunzo ya kulenga shabaha kamaliza, kasiki kaifunga ukutani kwa boliti. Jina la Komando kajipa mwenyewe. Kwa masimulizi yake, akikohoa usiku, wezi wa mtaa mzima wanahamisha familia zao.

"Eh, polisi banachelewesha leseni," akasema. "Sasa banatafuta kujua Gradi ni mtu wa namna gani. Iko na hasira? Iko anapiga watu?"

"Wanamuuliza nani?"

Akanywa kahawa kwanza, polepole.

"Bibi yangu."

Benchi lote likapasuka kwa kicheko, maana kwao Bukavu bibi ni mke.

"Umekwisha, bwana wee!" Redio akapiga makofi. "Serikali imeingia jikoni kwako!"

"Kumbe ndiyo sheria yao?" Naseeb akatua birika. "Wallahi, mjomba wangu ana wake wanne. Yeye angepewa bastola akiwa kaburini."

"Chekeni," nikasema. "Mimi sijasahau mwaka 2008, tulivyolala uani mwa kituo cha polisi, na blanketi za msaada, huku vibanda vyetu vinaungua. Wale waliokuja na mapanga kutufukuza sisi wageni, nani kati yao aliulizwa mkewe anasemaje? Maswali yote yametengwa kwa sisi tunaopanga foleni!"

"Haya, mkutano wa hadhara umefunguliwa," Redio akanikata. "Mwenyekiti, kaa chini kahawa inapoa."

Benki hakucheka. "Gradi, buda, mke wako alisema nini? Wewe ukinyimwa, mimi sina mnunuzi mwingine."

"Sijui. Alikataa kuniambia."

"Mpigie."

"Iko kazini, ah non..."

"Komando anaogopa simu!" Redio akapaza sauti mpaka wauza vitambaa ng'ambo ya barabara wakageuka.

Gradi akapiga. Benki akamnyang'anya simu, akaweka sauti juu. Kukasikika mashine za kukausha nywele, saluni ya Hillbrow, wanawake wanacheka.

"Shemeji Jeannine, ni Bramwel. Yule askari ulimwambiaje?"

"Kweli tupu. Aliuliza Gradi anapiga watu? Nikasema hapana, huyu hata akiona panya ananiita mimi. Aliuliza anapiga kelele? Nikasema wakati ya mpira tu. Aliuliza usiku mwizi akikuja nani anatoka? Nikasema natoka mimi, na pasi ya moto. Gradi anafunga mlango nyuma yangu."

Redio alikuwa ameshakaa chini, anapiga ardhi kwa kiganja. Gradi alisoma bati la duka kana kwamba limeandikwa.

"Kwa hiyo wamemkataa?" Benki akaisogeza simu mdomoni.

"Kwa upole amepita vizuri sana. Lakini askari aliniuliza, mama, sasa hii bastola ni ya nani? Nikaona ana haki. Mafunzo nilienda pamoja na Gradi. Mimi nilifaulu mara ya kwanza, yeye walimrudisha. Karatasi zangu ni sawa na zake. Gradi ataondoa ombi lake, Jumatatu mimi napeleka la kwangu. Shemeji, usiuzie mtu mwingine!"

Akakata simu.

"Nimeuza!" Benki akaruka, akamkumbatia Naseeb na birika lake.

"Hujauza, walaal, ndugu yangu," Naseeb akajitoa. "Wanaanza upya. Sasa watamhoji mume wake."

Macho yakamhamia Gradi.

"Komando," Benki akasema kwa adabu ambayo hajawahi kumpa. "Wakikuuliza kama mkeo ana hasira, utajibuje?"

"Mpole. Malaika kabisa."

"Sema ukweli bwana!" Redio akamchokoza.

"Redio, fikiri kidogo. Nikisema kweli, banamunyima bastola. Halafu askari anarudi kituoni kwake, na mimi ninarudi nyumbani kwangu."

Benki hakungoja kahawa iishe. Akamshika Komando mkono, akamvuta kuelekea garini. "Twende tufanye mazoezi. Mimi ndiye askari. Bwana Gradi, je, mke wako..."

"Mpole!" tukamsikia Komando, swali bado liko njiani.