Kifaa cha Manyoya Kisichotupwa

Ninayo heshima kuwatangazia wananchi wa Tarime, wa Serengeti na majirani wote wenye nia njema kwamba tatizo la manyoya ya wanyama kwenye nguo za viongozi sasa lina ofisi, lina bendera ndogo ya mezani na lina katibu. Katibu ni mimi.

Watu wa porojo husema hatukuwa na tatizo hilo. Waulizeni waliokuwepo siku mgeni kutoka Dodoma alipomkumbatia Mheshimiwa Kornelio, Mkuu wa Ofisi yetu ya Mwonekano hapa Issenye, akaondoka na nusu ya paka kwenye tai. Mgeni yule alipiga chafya mpaka Ikoma. Maendeleo hayaji namna hiyo.

Tulianza na roli za karatasi zenye gundi. Unaviringisha kwenye koti, unabandua karatasi, unatupa. Zilifanya kazi vizuri, ila upepo wa Issenye hauheshimu jalala. Haikupita wiki kuku wote wa jirani walikuwa wamevaa karatasi, na mbuzi mmoja akagandamana na bodaboda, ikawa haijulikani nani anamburuta nani. Mheshimiwa aliguswa sana. Akapiga marufuku roli na kutamka, "Kuanzia leo, kifaa ni kile kinachotumika tena na tena!"

Kamati ikakaa, ikanywa soda, ikafanya majaribio. Glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, ikiloweshwa kidogo, ilikusanya manyoya safi kabisa. Lakini ilikuwa ya rangi ya waridi, na Mheshimiwa akasema rangi hiyo haina mamlaka. Sponji nalo lilinuka samaki. Tulikuwa tumekata tamaa pale Mheshimiwa alipomwona mlinzi wetu, Ryoba, amevua katambuga yake ya tairi anajikwangua suruali, na manyoya yanajikusanya yenyewe. Papo hapo Mheshimiwa akavumbua KIMARU, yaani Kifaa cha Manyoya cha Kurudiarudia. Wenye midomo wanasema ni katambuga ya Ryoba tu. Ni ya Ryoba, sikatai, lakini saa za kazi ni mali ya umma.

Mwongozo wake ni mwepesi. Hakuna anayevuka mlango wa ofisi akiwa na manyoya, awe mkulima, awe Mkuu. Mlinzi anapitisha KIMARU, na atakayekutwa na manyoya anataja mnyama, jina lake na anakolala. Akishindwa kujieleza, anabaki nje mpaka atakate. Maneno "awe Mkuu" Mheshimiwa aliyaongeza kwa kalamu yake mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo mpiga picha alikuwepo.

Sasa, huku kwetu kumgusa mtu mzima kwa kiatu ni kutafuta ugomvi na ukoo mzima. Kwa hiyo Ryoba aliagizwa kutanguliza adabu. "Shikamoo, mzee. Naomba nikupitishie kiatu." Wachache walimzaba makofi. Tuliyapokea kama maoni ya wadau.

Jumatatu akaja mama Bhoke, mjane mfugaji, sweta lake limejaa manyoya mekundu yenye ncha nyeupe.

"Mnyama gani, mama?" nikauliza.

"Mbwa yangu, anaitwa Kamanda. Ndiyo maana nimekuja. Amepotea tangu siku ile mlikuja na gari kutufundisha mambo ya manyoya. Na fisi wamejua. Juzi wamekula ndama, nimebaki na mmoja tu."

"Analala wapi?"

"Si nakwambia amepotea?"

"Kwa hiyo hujui anakolala."

"Ningejua, ningekuja hapa kufanya nini?"

"Maelezo hayajitoshelezi, mama. Kung'uta sweta, ndipo uingie utoe taarifa."

Akalishika sweta kwa mikono miwili. "Nikikung'uta haya, nitabaki na nini ya mbwa yangu? Mura, we Ryoba, hebu mwambie huyu mtu wako!"

Ryoba akautazama mguu wake mmoja ulio peku. Mama Bhoke akakaa kwenye ngazi, macho yamemjaa machozi. Nami nilihuzunika, kwa kufuata utaratibu.

Mara gari la Mheshimiwa likafika, ndani mbwa anabweka. Mheshimiwa akashuka na suti nyeusi, akaiona foleni ya wananchi mlangoni imeinua simu kumpiga picha, akatanua mikono mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Naomba nikupitishie kiatu."

KIMARU ikapita kwenye suruali. Yakakusanyika manyoya mekundu yenye ncha nyeupe. Mama Bhoke akasimama.

"Mnyama gani, Mheshimiwa?" nikauliza. Mwongozo ni mwongozo.

"Paka."

Gari likabweka tena.

"Paka huyo ana kifua," akasema mtu kwenye foleni.

"Haya, ni mbwa. Anaitwa Tajiri. Analala kwangu."

"Mwite," akasema mama Bhoke.

"Tajiri! Tajiri!" Mbwa akaangalia milima.

Mama Bhoke hakupaza sauti. Alisema "Kamanda" kama mtu anayeita wa kwake kula. Mbwa akajipenyeza dirishani, akatumia kifua cha Mheshimiwa kama ngazi, akamwangukia mama Bhoke mapajani mpaka wote wawili wakalala chini. Mama akawa anacheka na kulia kwa pamoja. "Umekonda, wewe! Umekonda!"

"Alikuwa kwenye mafunzo," Mheshimiwa akafafanua.

"Mafunzo yake ni fisi," mama Bhoke akajibu, akajifuta vumbi na kuondoka upesi na mbwa wake, maana ndama alikuwa peke yake.

Mheshimiwa akanigeukia. "Futa huo mwongozo! Sasa hivi!"

"Kuufuta kunahitaji saini yako na muhuri, Mheshimiwa. Muhuri uko ndani."

Akapiga hatua kuelekea mlangoni. "Manyoya!" foleni nzima ikaitikia. Koti lilikuwa jekundu tupu.

"Basi nipitishieni hicho kiatu haraka!"

Tukamtazama Ryoba. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya KIMARU mguuni. "Kesho asubuhi, mzee," akasema kwa heshima, akashika njia ya kwao.

Mheshimiwa akaitazama foleni, iliyokwisha kupitishiwa kiatu, ikiingia mmoja mmoja. Kisha akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile glavu ya waridi bado ipo.

Ilikuwepo. Ilimtosha vizuri sana.