Saa Zilizozeeshwa Jikoni

Khalfani alimwona yule dada akivuka barabara pale Mnara wa Saa, mkono kaukumbatia kifuani kama aliyebeba yai bichi. Akajua papo hapo. Mwenye pesa hukumbatia mkoba. Anayekumbatia mkono wake mwenyewe ana saa ya marehemu.

Biashara ya Khalfani ilikuwa ya mdomo. Wenye saa kuukuu aliwaambia uzee ni ugonjwa: uso wa saa ukishageuka rangi, saa imeoza, afadhali uchukue mpya inayong'aa. Wenye fedha aliwaambia uzee ndio mali: ile rangi ya chai imeletwa na jua la miaka, ukiifuta umefuta thamani yote. Asubuhi alihubiri usafi, jioni alihubiri uchafu, na katikati alikula. Saa kuukuu zikiadimika, alinunua za bei poa akazifukiza moshi jikoni kwake Kaloleni mpaka zikafanana na mababu.

"Dada, samahani. Hiyo saa inaumwa."

"Mbona inatembea vizuri tu, kaka?"

"Hata mgonjwa hutembea mpaka siku anapoanguka. Hebu niione."

Dada aliitwa Swabaha, ametokea Maji ya Chai, na saa ilikuwa ya marehemu baba yake. Uso wake ulikuwa umeiva hudhurungi, namba zimefifia kwa adabu. Khalfani mate yalimjaa mdomoni, lakini akakunja ndita kama daktari.

"Imeoza."

"Mungu wangu! Fundi hawezi kuiokoa?"

"Fundi atabadilisha uso, mishale na kioo. Sasa hapo kitabaki nini cha baba? Mwache apumzike. Chukua hii." Akatoa mfukoni saa ya rangi ya dhahabu.

Machozi yakamlengalenga Swabaha. "Hiyo nyepesi. Kaka yangu anaoa Jumamosi, nataka nimvalishe kitu kizito. Kama hiyo uliyovaa."

Hapo Khalfani alisita. Saa ya mkononi mwake ilikuwa ya Uswisi kweli, kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho mwilini. Lakini alimfikiria Mzee Abdiel wa Kisongo, mteja wake mkubwa wa saa kuukuu, akaivua.

Swabaha alimwachia namba ya simu, akaibusu saa ya babake, akaikabidhi huku akilia. Khalfani si jiwe. Alimpa leso yake. Kisha akakumbuka kuidai.

Mzee Abdiel alikuwa na nyumba za wageni, kiti cha mbele kanisani, na kabati la kioo lenye saa alizouziwa na Khalfani. Kila mgeni alipofika alionyeshwa kabla hajapewa chai.

"Shikamoo mzee. Leo nimeleta kitu ambacho roho inakataa kukuuzia."

"Marahaba. Lete."

Abdiel akavaa miwani, akaifungua saa kwa kisu kidogo. Akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Wewe mwenyewe ulinifundisha jua haliingii chini ya ukingo wa chuma. Sasa mbona hii imeiva mpaka pembeni kabisa? Aisee, jua la kwenu linapenya chuma?"

Akalowesha kidole, akapitisha juu ya uso wa saa. Kidole kikatoka cha kahawia. Akakinusa.

"Kahawa."

Khalfani alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Akapiga simu kwa Swabaha. Ikapokelewa na mzee wa Usa River anayeuza vifaranga, ambaye hakuwa na binti wala hamu ya kuwa naye.

"Nimetapeliwa!" alilia Khalfani, kwa uchungu wa mtu mwema. "Watu hawana hata aibu!"

Alipogeuka alimkuta Abdiel amefungua kabati, kitambaa kibichi mkononi. Saa ya kwanza ikafutika. Ya pili ikafutika. Ya tatu ilinukia samaki wa kukaanga. Khalfani akatazama nje: geti limefungwa, na mbwa wawili wanamtazama.

"Mzee, naweza kueleza."

"Kaa."

Alikaa. Abdiel naye akakaa, akawaza. Saa za kabatini alishamwonyesha mchungaji. Alishamwonyesha meneja wa benki. Akiita polisi, kufika Jumapili usharika mzima utajua kwamba Abdiel aliuziwa masizi. Akakunja kitambaa taratibu.

"Shemeji yangu Nathanael analilia moja tangu Pasaka," alisema. "Na wapo wengine. Utazirudishia rangi zote nilizofuta, kisha utapika nyingine. Jiko la wafanyakazi liko kule nyuma, na kahawa ninayo shambani Akheri. Kuongea na wateja nitaongea mimi. Sura yangu wanaiamini."

"Na mimi?"

"Wewe utapata mshahara."

Khalfani alilitamka neno lile kama jina la ugonjwa. Katika maisha yake hakuwahi kuamka kwa sababu ya mtu mwingine. "Hata kamisheni hakuna, mzee?"

"Polisi wanatoa kamisheni?"

Basi Khalfani akawa mfanyakazi. Aliinamia jiko tangu kunapopambazuka, macho mekundu kwa moshi, huku sebuleni sauti nzito ya Abdiel ikiwasimulia waumini wenzake jua la miaka. Saa zilitoka kama maandazi. Mwezi ulipoisha alifungua bahasha ya mshahara wake wa kwanza, akahesabu, akaenda kugonga mlango wa sebuleni.

"Mzee, hapa pamepungua."

"Ndiyo. Nimekata kahawa na mkaa," alisema Abdiel. "Na siku nyingine upitie mlango wa nyuma. Nina wageni."