Neno la Kwanza la Bonge Hewani

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Bonge ameitumbukiza redio yangu ya mkononi kwenye ndoo ya kuogea. Hana baya, alitaka kuiogesha. Nimeianika, nimeipuliza, nimeiombea. Kimya.

Balaa. Baba Bonge yuko mlimani wanakojenga bwawa, simu haishiki. Kila jioni anapanda juu ya jiwe na redio yake, anaongea, na ripita iliyo kileleni inadaka sauti yake na kuirusha upya mpaka huku kwetu. Leseni za redio ya ridhaa, ile ya kuongea hewani kwa mapenzi tu, tulizisomea pamoja. Ndiko tulikopendana. Ndio mtihani pekee maishani ambao sikuurudia.

Na Bonge yuko mbioni kusema. Anasema "ba… ba…" Baba yake hakuliona jino la kwanza, hakumwona akikaa. Neno la kwanza halimpiti. Nimeshaamua: litakuwa "baba", litatoka hewani, na mwenyewe atalisikia.

Mama mkwe anadai hiyo ni "bibi", mtoto anaianza vibaya. Kutwa amempakata, bibi, bibi, bibi, kama ananadi mitumba.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umepatikana. Kabatini ipo ile redio ya kompyuta, haina vitufe, kila kitu unabofya kwenye skrini. Ubaya wake, haifiki masafa ya juu ya ripita. Nikaenda kwa Mzee Antena, fundi anayeitunza ripita yetu, karakana yake iko mtaa wa nyuma. Shikamoo, marahaba, nikamlilia shida. Akatoa kijisanduku cha bati, anakiita transveta. Akasema redio yangu ni mtu mfupi, ripita ni rafu ya juu, na hiki ndicho kistuli. Kinapandisha sauti yangu ikienda, kinashusha za wenzangu zikija.

Kisha akaanza habari ndefu, eti ripita inasikiliza kwenye masafa haya na kusema kwenye masafa yale. Bonge alishaanza kutafuna waya wake. Nikamwambia nimeelewa. Akauliza, kweli binti? Nikamjibu mzee, mimi nina leseni.

Jumatano, 5 Machi

Antena nimeifunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Mama mkwe akauliza nepi sasa tuanike kichwani kwake? Nikasema ni kwa muda tu, mama. Akavaa ndara zake akatoka, anaenda kumjulia hali mgonjwa. Siku hizi ana mgonjwa kila jioni. Sawa tu.

Jua linazama, sauti ya Baba Bonge ikaja safi kama yuko jikoni. Machozi yakanitoka. Akasema Mama Bonge, upo? Ova, lile neno letu la redio la kumpa mwenzako zamu. Nikabonyeza: nipo mume wangu, na mwanao huyu hapa, ova. Akauliza tena, upo? Nipo, ova. Upo? Nipo, ova. Mwisho akasema basi, labda ana kazi nyingi, akaanza kuongea na Mzee Antena habari za saruji. Saruji! Mimi nimesema ova mpaka koo limekauka, Bonge mapajani ananitazama mdomo kama anaangalia sinema.

Nimejua. Ananisikia, amenuna. Mtu amempelekea umbeya wa redio iliyozama. Na mtu huyo ninakaa naye nyumba moja.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tena. Upo? Nipo. Patupu. Alipoaga nikabaki na maikrofoni yangu mkononi, nikasema kama hataki kunisikia, basi sina cha kuficha. Nikamwaga yote. Kwamba mama yake anaonja mchuzi wangu kama daktari anayesoma majibu mabaya. Kwamba nikikunja nepi anazikunja upya. Kwamba Mzee Antena ni mwema, lakini akianza kueleza kitu hata kuku wake wanasinzia. Kwamba nimemkumbuka mume wangu hadi nalalia shati lake, na silifui makusudi. Kila lalamiko nikalifunga kwa ova, kwa utaratibu kabisa.

Roho imetua.

Ijumaa, 7 Machi

Ajabu. Mama mkwe amekula mchuzi bila kuuonja kwanza. Nepi amezikunja kwa mkunjo wangu. Hasemi sana. Naona uvumilivu wangu umemfunza kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee Antena amekuja. Akatazama skrini, akatikisa kichwa polepole. Akasema binti, umekuwa ukiongea kwenye mdomo wa ripita. Sikio lake liko kwingine. Haijakusikia hata siku moja, na mumeo vilevile.

Nikashusha pumzi. Basi hakuna aliyenisikia.

Akakohoa. Akasema aliye karibu yangu, akiwa amefungulia redio kuusikiliza huo mdomo, ananipata moja kwa moja. Nikauliza nani yuko karibu. Akasema karakana yake. Na kuhusu kuku, akasema, yeye hafugi kuku.

Nikauliza alikuwa peke yake? Akatazama viatu vyake. Akasema mama mkwe wangu huja kila jioni, anakaa kwenye kreti la soda, anasikiliza sauti ya mwanawe. Haombi kuongea. Ikiisha anafuta macho, anavaa ndara, anaondoka.

Nikaitamani ile ndoo ya Bonge.

Jioni nikaenda chumbani kwa mama mkwe. Sikujua pa kuanzia. Akaniwahi. Akasema lile shati likiisha harufu nimwambie, analo jingine kwenye sanduku lake. Naye hajalifua.

Jumapili, 9 Machi

Mzee Antena ametenganisha sikio na mdomo. Tumejazana mezani, mama mkwe bega kwa bega na mimi. Baba Bonge akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwishazoea kutojibiwa, Mama Bonge, upo? Nipo, ova. Kisha akasema maneno ambayo siyaandiki hapa, Mzee Antena akamkumbusha kwamba watu wengi wanasikiliza.

Nikamwekea Bonge maikrofoni mdomoni. Nikamnong'oneza, sema baba. Mama mkwe sikio la pili, bibi. Bonge akanitazama, akamtazama bibi yake, akaitazama maikrofoni, akasema kwa sauti kavu kama mwenye leseni:

"Ova."

Kutoka mlimani ikaja sauti inatetemeka, nimekupata mwanangu, nimekupata. Ova yake mwenyewe ikamshinda kutamka.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe anawaambia majirani mtoto alisema "bibi", redio ndiyo imeharibu. Mimi nawaambia ilikuwa "baba", transveta imeipandisha kupita kiasi.

Lakini neno la pili nimeshalipangia. Leo Bonge ameanza "ma… ma…", na neno la namna hiyo ripita ya mlimani hailitoshi. Kumbe zipo setilaiti za watu wa ridhaa, zinapita juu ya mapaa yetu kila siku, na kijisanduku hikihiki kinazifikia. Nikamwendea Mzee Antena. Akavuta kreti, akaketi, akaanza kunieleza kwamba setilaiti nayo ina sikio lake na mdomo wake.

Bonge alishaufikia waya. Nikamwambia nimeelewa.