Ua Kwenye Taa ya Lori

Saady hakuhitaji kuliona lori zima ili ajue kwamba riziki imefika. Aliona nyuma tu, pale lilipoegeshwa kando ya soko la Kasulu. Taa ya kulia ilikuwa imetoboka katikati, na ya kushoto imelegea kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Akajifuta mikono ambayo haikuwa na grisi yoyote, akasogea na uso wa msiba.

"Pole, mama. Lini zimeanza kuugua?"

Mwenye lori, Epifania wa Busunzu, alikuwa mjane muuza maharage. Miaka hiyo wakimbizi walijaa makambini Kibondo, na kila mwenye magurudumu alitaka kazi ya kubeba chakula chao. Lori lake lilitakiwa kukaguliwa Kibondo kesho yake saa tisa mchana. Likikutwa halina taa, nafasi ingepewa lori lingine, naye angebaki na deni la matairi na maharage yasiyo na pa kwenda.

"Ziliyeyuka zenyewe," alisema. "Vioo vipya ninavyo, nimeagiza Kigoma. Ninataka mtu wa kufunga tu."

Akafungua kanga. Vilikuwa vioo viwili vyekundu, halisi. Saady alimkumbuka mara moja mtu wa Buhigwe aliyekuwa akivitafuta mwezi mzima.

"Mama! Umevishika kwa mikono mitupu?"

"Nivishike na nini, fundi? Miguu?"

"Kioo kipya kina joto la kiwandani. Ukikifunga hivihivi kinayeyuka tena. Lazima kilale kwenye maji ya chumvi mpaka asubuhi. Niachie mimi."

Dereva Kipriani, aliyekuwa barabarani miaka ishirini bila kusikia jambo kama hilo, alifungua mdomo. Epifania akamtazama, naye dereva akaufunga.

"Ego, sawa," alisema Epifania. "Kalaze. Malipo yako gunia la maharage."

Kinachouma ni kwamba Saady alikuwa fundi kweli. Dakika mbili zilimtosha kujua ugonjwa: bomba la moshi limepasuka na linapulizia taa ya kushoto, ya kulia imewekewa balbu kubwa kuliko inayotakiwa, na waya wa bodi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, umeliwa na kutu. Lakini kuutibu ugonjwa huo kulihitaji kulala chini ya gari, na Saady alikuwa amevaa shati jeupe.

Nyumbani mkewe Mwanaamina alikuwa ameenda kuteka maji. Saady alichukua beseni jekundu la plastiki alilokuja nalo mkewe siku ya harusi, akapasha kisu moto, akakata vioo viwili vya kupendeza sana. Alijitahidi kulikwepa ua lililochorwa ndani, lakini beseni lilikuwa dogo na ua lilikuwa kubwa. Petali moja ilibaki kwenye pembe ya kioo cha kushoto.

Asubuhi akavifunga. Taa zikawaka, nyekundu safi. Epifania aliinama, akaitazama ile ya kushoto kitambo kirefu, kisha akasema anaingia sokoni mara moja. Aliporudi alikuwa mchangamfu.

"Haya fundi, panda."

"Nipande wapi? Mimi nimemaliza, mama. Gunia langu tu."

"Yewe! Kwetu anayekukaribisha kinywaji anapiga funda la kwanza yeye, uone hakuna sumu. Na wewe utaionja kazi yako. Utashukia Kibondo."

Wauza nyanya walikuwa wamekwisha kusogea kusikiliza. Fundi anayekataa kuionja kazi yake, kesho atafunga taa za nani? Saady akapanda juu ya magunia, mkoba wake wenye vioo halisi kifuani.

"Washa taa," Epifania alimwambia Kipriani.

"Mchana huu, mama?"

"Mchana huu. Tunaonja."

Mlima wa kwanza ulipita salama. Wa pili ukaja na harufu. Saady aliinama akachungulia, akaona beseni la harusi yake likidondoka barabarani, tone baada ya tone. Hofu ikamshika kwelikweli. Mkaguzi angeuliza fundi ni nani, na fundi alikuwa hapohapo, hana pa kukimbilia ila mashamba ya mihogo.

Busunzu walisimama kwa Epifania kula. Saady akasema hana njaa. Wenzake walipoingia ndani, alilala chini ya lori na shati lake jeupe, akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu: kazi. Alilizungushia bomba bati la kopo la mafuta na waya, akaligeuza lipulizie pembeni. Akaweka balbu ndogo. Akakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa. Mabaki ya beseni akayatupa migombani. Kisha akavitoa vioo halisi, akavipima mkononi kwa huzuni, akavifunga. Vilipowaka alijisikia fahari, na fahari hiyo ikamuudhi.

Kibondo, mkaguzi alilizunguka lori mara mbili na kushika taa kwa kiganja.

"Hazichomi. Nani kafunga?"

"Mimi," alisema Saady, na safari hii lilikuwa jibu la kweli. Lori likapita.

Epifania alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akaleta kibuyu cha juisi ya ndizi, akakaa karibu na fundi.

"Sasa gunia langu, mama. Nitafute gari la kurudi."

"Gunia nimempa mkeo Mwanaamina asubuhi, kabla hatujaondoka. Nilimkuta sokoni anauliza kila mtu kama ameliona beseni lake lenye ua. Nikamwambia ni fidia, umeagiza wewe mwenyewe."

Saady akaanza kukung'uta vumbi kwenye shati lake.

"Amefurahi," Epifania aliendelea. "Ila ameuliza, fidia ya nini? Nikamwambia utamweleza ukifika." Akafungua kanga, akamwekea mapajani kipande chekundu kilichojikunja, petali yake bado inaonekana. "Kilikuwa migombani kwangu. Nenda nacho, kitakusaidia kuanza kueleza."

Akakiinua kibuyu, akapiga funda la kwanza mbele yake, akamkabidhi.

"Kunywa, fundi. Mimi cha kwangu nimeonja."